Mzazi, usimwache mwanao kwenye lango la chuo kikuu

KILA mwaka ifikapo mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, utawaona katika vituo vya mabasi vya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret. Mzazi amebeba godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, mtoto anakokota sanduku jipya, na ndoo ya plastiki imejaa sabuni, sufuria ndogo na pakiti ya unga. Wanaelekea chuoni. Jamaa na majirani wamekwisha kuchanga, mchungaji au imamu amekwisha kuomba dua, na baba anatembea kifua mbele kama aliyeshinda uchaguzi.

Furaha hiyo ni haki yao. Safari ya kutoka darasa la kwanza hadi chuo kikuu ni ndefu, na wengi walioianza pamoja naye wameachwa njiani. Hata hivyo, nina neno kwa mzazi anayempeleka mtoto chuoni kwa mara ya kwanza, na nina neno jingine kwa huyo mtoto. Wewe mzazi, kazi yako haijaisha. Nawe mwanafunzi, kazi yako ndiyo kwanza inaanza, wala si ile uliyoizoea.

Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuwa na nia njema. Lakini chuoni wako wenyeji wanaomngoja mgeni wapone kwa mfuko wake, kwa mwili wake na kwa ujinga wake wa mji. Ndiyo maana nasema kijana asiachwe langoni akaambiwa tu, "Haya, soma kwa bidii."

KENGELE HAIPO TENA

Mwanafunzi aliyetoka shule ya bweni ameishi miaka minne kwa kengele. Kengele ilimwamsha, ikampeleka prepu, ikampa chakula na kumlaza. Akikosa darasani, mwalimu wa zamu alimtafuta. Akianguka mtihani wa muhula, mzazi aliitwa.

Chuoni kengele hiyo haipo. Anaweza kuwa na mhadhara saa mbili asubuhi hadi saa nne, kisha asiwe na mwingine mpaka saa kumi alasiri. Saa sita zote hizo ni zake, na hakuna atakayemuuliza amezitumia vipi. Ukumbi una wanafunzi mamia, na mhadhiri hamjui kwa jina wala kwa sura. Asipofika leo, hakuna atakayegundua. Asipofika mwezi mzima, bado hakuna atakayegundua, mpaka siku ya mtihani.

Kijana mgeni huziona saa hizo kuwa ni uhuru. Ni uhuru kweli, lakini ndani yake mna kazi ambayo hakuna aliyemwandikia ubaoni. Kwa kila saa ya mhadhara, aweke saa nyingine moja au mbili za kusoma peke yake. Katika wiki ya kwanza achukue karatasi, aandike saa zote za mihadhara, halafu azijaze zile nafasi zilizobaki kwa mkono wake mwenyewe: hapa maktaba, hapa kufua, hapa mpira, hapa usingizi. Ratiba hiyo aibandike mahali atakapoiona kila anapoamka. Atakuwa amejitengenezea kengele.

Aelewe pia jinsi alama zinavyohesabiwa, kwa maana wengi huelewa wakiwa wamechelewa. Katika vyuo vyetu vingi, majaribio ya katikati ya muhula, yale wanafunzi wanayoyaita kati, pamoja na kazi za kuandika, huchukua alama 30 kwa 100. Mtihani wa mwisho huchukua 70. Alama ya kupita kwa kawaida ni 40, na ya daraja la juu kabisa ni 70 na zaidi. Kwa hivyo anayepuuza kati akisema atajitahidi kwenye mtihani, amekwisha kutupa karibu thuluthi moja ya alama zake kabla ya kushika kalamu.

Atamsikia mwenyeji mmoja akimwambia, "Mwaka wa kwanza hauhesabiwi, tulia ule maisha." Asimsikilize. Katika kozi nyingi alama za mwaka wa kwanza huingia katika hesabu ya shahada. Mahali pa kuuliza jambo kama hilo ni ofisi ya idara yake, wala si chini ya mti mbele ya mesi.

Mwenyeji mwingine atamfundisha habari za mwakenya. Msomaji uliyekuwa mtu mzima katika miaka ya 1980 utalikumbuka jina hilo kuwa la vuguvugu la siri la kisiasa. Vyuoni limebaki kuwa jina la vikaratasi vya kuibia mtihani, na siku hizi simu imeongezwa juu yake. Anayeshikwa hupelekwa mbele ya kamati ya nidhamu, na anaweza kusimamishwa masomo au kufukuzwa kabisa. Karo ya miaka yote huenda hivyo, kwa kikaratasi kinachotosha kufichwa kiganjani.

Jambo jingine ambalo halimo katika kitabu cha mwongozo: ahifadhi kila karatasi. Kila kati iliyosahihishwa, kila stakabadhi ya karo, kila kadi ya mtihani. Ahakikishe amesajili masomo yake yote ya muhula katika mtandao wa chuo, na ametia sahihi orodha ya waliofanya mtihani kila anapoingia chumbani. Alama kupotea ni maradhi ya miaka mingi katika vyuo vyetu, na wako waliokosa kuhitimu pamoja na wenzao kwa sababu ya somo moja la mwaka wa kwanza ambalo alama zake hazikuonekana. Mwenye karatasi mkononi husikilizwa. Asiye nayo huambiwa arudi wiki ijayo.

HADITHI ZA BABA NA ZA MJOMBA

Katika familia nyingi yupo mjomba aliyesoma chuo kikuu zamani, naye ndiye anayepewa kazi ya kumwelekeza kijana. Ni jambo zuri. Lakini mjomba na atahadhari, kwa sababu chuo anachokisimulia hakipo tena.

Waliosoma katika miaka ya 1970 na 1980 walikula mesini bila kulipa mlangoni, na walipokea pesa za matumizi walizoziita bum. Wako waliotuma sehemu ya pesa hizo nyumbani kuwasomesha wadogo zao. Katika miaka ya 1980, kabla hata ya kuingia chuoni, walipelekwa kwanza kwenye mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, wengi wakiwa Gilgil, wakaamshwa alfajiri kukimbia. Mwaka wa 1990 kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 liliingia vyuoni, vyumba vikajaa pomoni. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 ukaja utaratibu wa kila mtu kulipia sahani yake, na tangu hapo mwanafunzi amekuwa mpishi, mhasibu na mlezi wa nafsi yake.

Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliundwa mwaka wa 1995. Tangu mwaka wa 2023 utaratibu ulibadilika tena: gharama ya kozi hugawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia, kulingana na daraja ambalo mwanafunzi amewekwa baada ya hali ya nyumbani kwao kupimwa. Mfumo huo umelalamikiwa sana, hata ukapelekwa mahakamani. Wako watoto wa wachuuzi waliojikuta wamewekwa daraja la wenye nacho. Mzazi, ukiona daraja alilowekwa mwanao si la haki, ipo njia ya kukata rufaa. Itumie mapema, ukiwa na hati zako, badala ya kunung'unika jikoni.

Na mkopo ni mkopo. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, chini sana ya riba ya benki, lakini ni deni lenye jina la mwanao juu yake. Mwambie hivyo siku anapojaza fomu, asije akadhani ni zawadi.

PESA ZA MARA MOJA

Fikiria kijana ambaye maisha yake yote amepewa shilingi mia mbili za matumizi siku ya kufungua shule. Ghafla, asubuhi moja, maelfu yanaingia katika akaunti yake. Hajawahi kuona pesa nyingi hivyo zikiwa zake. Jioni hiyo marafiki ni wengi kuliko jana.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme baada ya karo na chumba amebakiwa na shilingi 20,000 za muhula wa wiki 15. Zikigawanywa, ni kama shilingi 1,333 kwa wiki, au shilingi 190 kwa siku. Kutokana na hizo ale, anunue sabuni, atoe nakala, aweke data katika simu na apande matatu. Akinunua viatu vya shilingi 4,000 siku ya kwanza kwa kuwa wenzake wanavyo, amekula wiki tatu. Viatu vitakuwapo Novemba. Chakula hakitakuwapo.

Mzazi, mketishe mwanao mfanye hesabu hii kwa kalamu kabla hajaondoka, kwa takwimu zenu wenyewe. Kisha mkubaliane jinsi utakavyotuma pesa. Anayetumiwa kidogo kila wiki hujifunza kupima kuliko anayepewa zote siku moja. Na mwanafunzi anayepokea mkopo anaweza kujifanyia vivyo hivyo: aweke sehemu kubwa mahali ambapo si rahisi kuigusa, ajilipe kila Jumatatu.

Chakula chenyewe si tatizo kwa anayejua kupika. Wali na maharagwe, ugali na sukuma, githeri ya kutosha siku mbili: hivi havihitaji shahada. Wavulana hasa hutumwa chuoni bila kujua hata kuchagua mchele, wakaishia kununua chipsi kila jioni mpaka pesa zinakatika. Agosti yote mtoto awe jikoni, awe mvulana au msichana. Lakini asipike chumbani kwa koili ya stima pale ambapo chuo kimekataza. Nyaya za mabweni ni za zamani, vyumba vimejaa magodoro, na moto hauna komredi.

Halafu kuna kamari. Katika simu ileile anayosomea mna michezo ya kubashiri mpira na mna mikopo ya haraka inayotolewa bila kuuliza swali. Wawili hawa ni ndugu: mmoja humaliza pesa, mwingine humkopesha ili azimalize tena. Wanafunzi wengi hawaanzi kamari kwa tamaa ya utajiri. Huanza kwa kutaka kurudisha pesa kidogo zilizopotea kabla nyumbani hawajajua. Tutarudi kwenye hilo la nyumbani kutojua, kwa maana ndilo kiini cha mambo yote ninayoyaandika leo.

CHUMBA NJE YA CHUO

Vyumba vya ndani havitoshi. Wengi hupanga katika mitaa iliyochipuka kando ya vyuo: Kahawa Wendani kwa wa Kenyatta, Juja kwa wa Jomo Kenyatta, Njokerio kwa wa Egerton. Wengine huenda wakalala chini katika chumba cha mwenzao, jambo lililokatazwa lakini lililozoeleka.

Ikiwa mwanao atapanga nje, nenda ukaione nyumba kwa macho yako. Usitume arubuni kwa mtu uliyempata kwenye simu tu. Kila msimu wa kufungua, matapeli huwauzia wageni vyumba ambavyo si vyao, na wengine hujifanya maofisa wa chuo wanaoweza kumpatia mtu kitanda akiwapa kitu kidogo. Malipo ya chuo yafanywe kwenye akaunti au nambari rasmi ya chuo pekee. Uliza kuhusu maji, kuhusu mlango na kufuli, na hasa uliza njia ya kurudia usiku. Chumba cha bei nafuu kilicho mwisho wa kichochoro chenye giza kinaweza kuwa ghali kuliko vyote.

WENYEJI WANAOMNGOJA MGENI

Kwa mabinti nitasema wazi, kwa kuwa wazazi wengi huona haya kusema. Wavulana wa miaka ya juu wana jina la msimu wa kuwapokea wasichana wapya. Huuita msimu wa kukimbilia dhahabu. Mtu atajitolea kukubebea sanduku, kukuonyesha maktaba, kukusaidia kujisajili. Wengi wao ni watu wema, na utapata marafiki wa kweli miongoni mwao. Lakini msaada una mwisho wake. Anayekuonyesha maktaba hana haja ya kukuonyesha chumba chake usiku wa siku hiyohiyo. Usinywe kinywaji ambacho hukukiona kikifunguliwa. Usiende karamu bila mwenzako mliyeahidiana kurudi pamoja.

Na ikiwa mhadhiri au mtu yeyote mwenye kalamu ya alama atakutaka kwa njia isiyofaa, si kosa lako. Hifadhi ujumbe wake na umwone mkuu wa wanafunzi, au mtu mwingine unayemwamini, siku hiyohiyo. Aliyedhulumiwa kimwili aende hospitali haraka iwezekanavyo, kabla hajaoga, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Nambari 1195 hupokea simu za waliodhulumiwa bila malipo.

Wavulana nao wana wenyeji wao. Yuko atakayekupa glasi ya kwanza bure. Yuko atakayekuita komredi na kukuweka mstari wa mbele siku ya ghasia, uko na jiwe mkononi, naye yuko nyuma akipiga picha. Atakayefukuzwa ni wewe ambaye sura yako imeonekana.

Migomo yenyewe ni sehemu ya maisha ya vyuo vya umma. Mwaka wa 2025 wahadhiri waligoma kuanzia Septemba hadi Novemba, na wanafunzi wapya waliokuwa wamefika tu wakajikuta hawana mhadhara hata mmoja. Wengine walikaa vyumbani mpaka pesa za muhula zikaisha kabla muhula haujaanza. Likitokea jambo kama hilo, familia iamue mapema: ikiwa chumba hakijalipiwa na nyumbani si mbali, arudi nyumbani na vitabu vyake.

KOZI AMBAYO HAKUICHAGUA

Wako wanaofika chuoni na moyo umekwisha kuvunjika. Aliomba uuguzi, akapewa kozi ambayo hata jina lake hakuwahi kulisikia. Au alitaka fasihi, baba akamwandikia uhandisi.

Kijana wa namna hii asijifungie chumbani akisubiri mapenzi yaje. Idara inayowapangia wanafunzi nafasi, KUCCPS, huweka muda wa kuomba kuhama chuo au kozi, na vyuo vyenyewe vina utaratibu wa kuhama kutoka idara moja hadi nyingine. Kuna masharti ya alama za masomo maalumu, na mlango huo hufungwa mapema. Auulizie wiki ya kwanza, si baada ya mtihani. Akikosa, ajipe muhula mmoja wa kusoma kozi hiyo kwa haki kabla ya kuihukumu. Wengi wamependa walichokuwa wakikikataa baada ya kukutana na mhadhiri mmoja mzuri.

Na mzazi, ikiwa ni wewe uliyemchagulia, msikilize. Wewe hutakaa miaka minne katika madarasa hayo.

HABARI MBAYA ZIPATE MLANGO

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi.

Kijana aliyechangiwa harambee hubeba mzigo ambao haumo katika sanduku. Kijiji kizima kilitoa mia mia. Mama aliuza mbuzi au alichukua mkopo wa chama. Kila anayepiga simu humwita daktari au injinia, naye hata kati ya kwanza hajaifanya. Kijana huyo akipata alama 28, atamwambia nani? Akicheza kamari pesa za chumba, atapiga simu ipi? Binti akigundua ana mimba, ataanzia wapi?

Mara nyingi haanzii popote. Hunyamaza. Husema, "Niko sawa, mama, masomo ni mazuri." Muhula wa pili hasajili masomo kwa kuwa karo aliitumia. Huendelea kuishi karibu na chuo, akituma picha akiwa mbele ya maktaba. Familia hushona nguo za mahafali, ndipo hugundua jina halimo katika kijitabu. Wengine, msomaji mpenzi, huzidiwa na aibu hiyo hata wakajidhuru, na nyumbani husema hawakuona dalili yoyote.

Mambo mengi kati ya haya yana dawa yakisemwa mapema. Aliyeanguka somo hupewa mtihani wa marudio. Mgonjwa, mjamzito au aliyekosa karo anaweza kuomba rasmi kuahirisha masomo, akarudi mwaka ujao nafasi yake ikiwa imehifadhiwa. Tofauti kati ya aliyeahirisha na aliyetoroka ni barua moja tu iliyopelekwa kwa msajili kwa wakati wake. Kila chuo kina mkuu wa wanafunzi na washauri nasaha, na huduma yao imekwisha kulipiwa ndani ya karo. Anayeona giza usiku na hana wa kuzungumza naye anaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo.

Lakini kijana hatazitafuta dawa hizo ikiwa anaamini kwamba nyumbani kuna upanga unaomngoja. Kwa hivyo mzazi, kabla ya basi kuondoka, mwambie maneno haya kwa kinywa chako: "Ukianguka, ukipotea, ukiharibu pesa, mimi ndiye wa kwanza kuniambia. Nitakasirika, lakini sitakufukuza." Usidhani anajua. Miaka minne amekuwa akiogopa ripoti ya shule. Anahitaji kulisikia.

Kisha lithibitishe kwa vitendo. Unapompigia simu, usianze na alama. Uliza amekula nini, analala na nani chumbani, mhadhiri gani anamchekesha. Akisema jambo dogo baya, kwa mfano kwamba amepoteza kitambulisho, usilipuke. Anakupima. Ukiwaka kwa kitambulisho, hutapata kamwe habari za mimba wala za kamari. Katikati ya muhula, ikiwa nauli inaruhusu, mtembelee hata kwa saa moja. Ukimkuta amekonda, amekuwa mzito wa kusema, au chumba kimefungwa madirisha mchana, usimhubirie. Mpeleke mkale, umsikilize.

Na wewe mwanafunzi, usiwahukumu wazazi wako kwa hasira zao za zamani. Kuuza mbuzi kunauma, lakini kumpoteza mtoto kunauma zaidi, nao wanajua hilo hata kama hawajawahi kulisema. Chagua mtu mmoja nyumbani, awe shangazi, kaka au nyanya, umwahidi kwamba hutamdanganya. Mmoja anatosha.

WIKI YA KWANZA

Kwa ufupi, haya yafanyike kabla ya siku saba kwisha. Ahudhurie mafunzo ya kuwakaribisha wageni mpaka mwisho, asitoroke siku ya pili. Ajue ilipo maktaba, zahanati, ofisi ya idara yake na ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Ajisajili katika masomo na aweke nakala. Apate nambari za simu za wanafunzi wawili wa darasa lake na mmoja wa chumba chake, azitume nyumbani. Ajiunge na chama kimoja, kiwe cha michezo, cha Kiswahili, cha dini au cha maigizo, kwa maana mpweke ndiye anayewindwa kwa urahisi. Na Jumapili ya kwanza apige simu nyumbani asimulie siku zake zote saba, nzuri na mbaya.

Mzazi naye, siku hiyo, aiache televisheni, akae na simu karibu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza na wale ambao hawakupata nafasi ya chuo kikuu mwaka huu, na njia zilizo wazi mbele yao katika vyuo vya kiufundi.